Kamba Haitibu, na Sindano Peke Yake Haitoshi

Kijana akimpiga baba yake pale Yanonge, shauri hutoka kabla jua halijazama: afungwe kamba, apelekwe kwenye chumba cha maombi, au apandishwe baleniere ya kwanza inayokwenda Kisangani. Ni mara chache mtu huuliza kama kijana huyo alilala usiku ule, kama dawa zake zilikuwa zimekwisha, au ni nani aliyemcheka sokoni asubuhi. Maswali hayo ndiyo kazi ya tiba ya kikundi. Wagonjwa sita hadi wanane wa skizofrenia huketi pamoja kila wiki na muuguzi aliyefundishwa, wakazungumza juu ya hasira zao, woga wao na ugomvi wao, na wakajizoeza namna ya kuuepuka ugomvi unaofuata.

Naitetea tiba hiyo, na naitetea kwa ajili ya mahali kama Yanonge, kwenye ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kama kilomita 60 chini ya Kisangani. Wanaoipinga ni wengi, na baadhi yao wana uchungu wa kweli: wamepigwa, wamechomewa nyumba, wamechoka. Nitawajibu hoja kwa hoja, na penye ukweli nitaukubali.

"Hawa ni watu wa hatari. Ukiwakusanya mahali pamoja, wataumizana."

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya 300. Kwa hiyo katika wakazi 30,000, wagonjwa ni kama 100. Kama wote 100 wangekuwa wapigaji, hakuna soko ambalo lingefunguliwa kuanzia Lubunga mpaka Isangi. Wengi wao hatuwaoni kabisa. Wako nyuma ya nyumba, wamekaa kimya, wanakula wakipewa. Tunayemjua kwa jina ni yule mmoja aliyerusha jiwe, na kutokana na yeye tunawahukumu wote.

Hata hivyo, sitaficha upande wa pili. Mwaka 2009 Seena Fazel na wenzake walikusanya tafiti 20 zenye wagonjwa 18,423 wa skizofrenia na maradhi ya jamii yake, wakakuta kwamba hatari ya kufanya vurugu kwao ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Lakini walipotenganisha wanaotumia pombe na madawa ya kulevya na wasiotumia, sehemu kubwa ya tofauti hiyo iliwaangukia watumiaji. Mgonjwa anayelewa alikuwa na hatari inayofanana na ya mlevi asiye na ugonjwa wowote wa akili. Kwa lugha ya kwetu: ukitaka kujua kama fulani atapiga mtu Jumamosi, kuuliza amekunywa lotoko kiasi gani na amevuta bangi kiasi gani kutakusaidia kuliko kuuliza kama anasikia sauti. Na habari ya lotoko na bangi ni jambo ambalo kikundi kinaweza kulishika na kulifanyia kazi.

Nasi wa jimbo la Tshopo tunajua vurugu inatoka wapi. Tangu Februari 2023 mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliozuka Lubunga, umeua watu, umechoma nyumba na kuwajaza wakimbizi mjini Kisangani. Haukuletwa na wagonjwa wa akili. Kwenye mizozo kama hiyo mgonjwa ndiye anayebaki kijijini wakati wengine wanakimbia, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfungua.

Juu ya kuumizana ndani ya kikao, hofu hiyo ina haki ya kupata jibu la utaratibu. Anayechemka haingizwi. Kwanza anatulizwa kwa dawa, analala siku kadhaa, kisha anaalikwa. Viongozi wanakuwa wawili. Panga na kisu vinabaki nyumbani. Aliye na wasiwasi anaketi karibu na mlango na anaruhusiwa kutoka bila kuomba. Mtu ambaye ana njia ya kutoka hana sababu ya kupigana apate kutoka.

"Ni ndoki. Mahali pake ni kanisani au kwa nganga."

Siwezi kumdharau mama aliyekwenda kanisani. Alikwenda kwa sababu mlango wa kanisa ulikuwa wazi, haukudai karatasi wala malipo ya kwanza, na mchungaji alimwita mtoto wake kwa jina. Wengi wetu waliosoma hatukumfanyia hata hilo.

Tatizo ni kwamba neno ndoki, yaani mchawi, linafunga uchunguzi. Mtu akishasema ndoki, hakuna anayepima tena. Na mto huu unadai vipimo. Yakusu, kati yetu na Kisangani, ndiko daktari Clement Chesterman wa misheni ya Wabatisti alikopambana na ugonjwa wa malale katika miaka ya 1920, kijiji kwa kijiji. Malale yakifika ubongoni humfanya mtu mpole kuwa mkali, hulala mchana na kutangatanga usiku, husema maneno yasiyoeleweka. Jirani anaona wazimu, mchungaji anaona pepo, kumbe ni kimelea kilicholetwa na mbung'o, na siku hizi wagonjwa wengi wanatibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli kwa siku 10. Mwenye kifafa naye, akitoka kwenye degedege, anaweza kumsukuma au kumpiga anayemshika bila kujua alichofanya. Hao wawili dawa zao ni nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kumwingiza mtu yeyote katika kikundi cha skizofrenia, kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba anachougua ni skizofrenia kweli.

Mchungaji ana nafasi yake. Anaweza kuombea, na anaweza pia kusema madhabahuni kwamba kunywa dawa si kukosa imani. Neno hilo moja kutoka kwake litawaokoa watu wengi kuliko makala hii.

"Sindano inatosha. Kuongea na kichaa ni kupoteza muda."

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hoja hii wanaitoa hata baadhi ya wahudumu wa afya.

Dawa ni lazima, na nitalirudia hilo chini. Ila ukweli wa kwanza ni huu: dawa hupunguza sauti na woga, haimfundishi mtu la kufanya dada yake anapomtukana. Nchini Ghana, watafiti walipeleka dawa za akili katika kambi moja ya maombi ambako wagonjwa walikuwa wamefungwa minyororo, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Dalili zilipungua kwa waliopewa dawa. Siku za kukaa katika minyororo hazikupungua. Ubongo wao ulikuwa umetulia, lakini nadhani hofu ya waliowafunga ilikuwa palepale.

Ukweli wa pili unahusu dawa zenyewe. Zinazopatikana kwetu ni zile za zamani: haloperidoli, Largactil, na sindano ya mwezi ya Modécate. Zinafanya kazi. Lakini haloperidoli inaweza kumpa mtu hali ya kutotulia ambayo haelezeki kwa urahisi: miguu inataka kutembea, anaketi anainuka, anaketi anainuka, anazunguka uwanja usiku kucha, na akishikwa mkono anafoka. Wengine shingo hukaza na macho hugeukia juu. Nyumbani watasema pepo limezidi tangu alipochomwa sindano, na wataacha kumpeleka. Kumbe dozi ilihitaji kupunguzwa, na kwa shingo iliyokaza kidonge cha Artane husaidia. Muuguzi anayemwona mgonjwa dakika tatu kwa mwezi hawezi kulitambua hilo. Katika kikundi atalitambua kabla ya nusu saa, na aghalabu mwenzake ndiye atakayesema: "Hata mimi miguu ilinifanya hivyo. Mwambie muganga akupunguzie."

Sasa tutazame kikao chenyewe. Tuseme mmoja anaeleza: "Nilimpiga yaya, ndugu yangu mkubwa, kwa sababu alitia sumu katika lituma yangu." Kiongozi hamwambii kwamba hakuna sumu. Akibishana naye juu ya sumu, kikao kimekwisha. Anamrudisha nyuma, hatua kwa hatua. Kabla ya chakula ulikuwa wapi? Nani alikuwepo? Ulilala lini mara ya mwisho? Polepole mambo yanajitokeza: hakulala usiku mbili, vidonge vilikwisha Alhamisi, yaya alikuwa mlangoni akicheka na jirani, na yeye akasikia jina lake katika kicheko kile. Moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikawa ya moto, kisha sahani ikaletwa.

Hapo kiongozi anawauliza wengine kama kuna aliyewahi kusikia jina lake hivyo. Wanainua mikono. Mmoja anasema siku hizi akilisikia anatoka nje kwanza, anakwenda kwa noko wake, yaani mjomba, anakaa mpaka mikono ipoe. Neno hilo lingetoka kwa muuguzi lingekuwa amri. Likitoka kwa mtu aliyewahi kufungwa kamba mti mmoja na wewe, linaingia.

Kisha wanafanya zoezi. Mmoja anakuwa yaya, mwingine jirani, wanacheka mlangoni. Mwenye kisa anainuka na kusema kwa sauti ya kawaida: "Yaya, leo kichwa hakijatulia. Nakwenda kuketi kwa noko." Anarudia tena na tena, mpaka maneno yatoke bila kugombana na meno. Siku nyingine ndugu wenyewe wanaitwa, na kwao kuna masomo pia: msicheke mlangoni mkimtazama, msimzunguke watu watano kwa mara moja, msimzuie njia anapotaka kutoka, mwambieni mmoja tu azungumze naye. Ugomvi una watu wawili, na sehemu ya ukali tunaowalaumu wagonjwa huanzia mikononi mwa wanaowashika.

Je, kuna ushahidi kwamba mazoezi ya namna hii yanapunguza ukali? Upo, na una mipaka yake. Nchini Uingereza, Alexis Cullen na wenzake walichapisha mwaka 2012 jaribio la wanaume 84 wenye maradhi ya skizofrenia na mengine ya aina yake, wote wakiwa na historia ya vurugu, katika hospitali zenye ulinzi. Walioingia katika kikundi cha vikao 36 cha kujifunza kufikiri kabla ya kutenda walipunguza matusi na vitisho, na wakavunja mara chache zaidi masharti ya ruhusa zao za kutoka. Karibu nusu hawakumaliza vikao. Waliomaliza walipunguza na kupigana pia, ingawa inawezekana kwamba wanaovumilia mpaka mwisho walikuwa watulivu zaidi tangu mwanzo. Mimi nasoma matokeo hayo hivi: kikundi kinasaidia wale wanaobaki ndani yake, kwa hiyo juhudi kubwa iwekwe katika kuwafanya wabaki. Na matusi si jambo dogo. Nyumbani kwetu kofi hutanguliwa na tusi.

"Basi kama maongezi yanasaidia, aache dawa. Dawa zinaua akili."

Hapana. Kikundi bila dawa, kwa mtu mwenye skizofrenia ambaye tayari amepiga watu, ni kuwadanganya wote waliomo. Anayekupa kiti cha kikundi na kukunyang'anya vidonge hakupendi. Kuna dawa moja, klozapini, inayojulikana kwa kutuliza ukali pale nyingine ziliposhindwa, lakini inadai vipimo vya damu mara kwa mara, na ndiyo maana kituo kidogo cha afya hakiwezi kuitoa kiholela. Kwa anayeona dawa zimemfanya zoba, jibu ni kubadilisha dozi, na pa kulisemea ni kikaoni.

"Asiyejua kweli na uongo hawezi kujifunza kitu."

Mwaka 1921 daktari Edward Lazell wa hospitali ya St. Elizabeths, Washington, alieleza katika maandishi jinsi alivyowakusanya wagonjwa wa ugonjwa huu huu na kuwafundisha kwa pamoja. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado tunauliza kama wanasikia. Mtu anaweza kuamini kwamba jirani anamroga na papo hapo akajua bei ya samaki, siku ya soko, na ni nani anayemheshimu. Ugonjwa hauchukui kila kitu, na tiba hujengwa juu ya kile ulichokiacha.

"Hayo ni mambo ya Wazungu."

Kukaa watu kwa duara, mmoja akaeleza kosa, wazee wakauliza, ndugu wakajibu, kikao kisivunjwe mpaka mambo yawekwe sawa: nani kati yetu atasema hilo limekuja na meli? Huko Dakar, daktari Henri Collomb alifika hospitali ya Fann mwishoni mwa miaka ya 1950. Kikundi chake kikachukua mkutano wa kijiji, unaoitwa pénc kwa Kiwolofu, kikauweka katikati ya hospitali. Wagonjwa, ndugu waliowasindikiza, wauguzi na madaktari waliketi pamoja, na kila mmoja akawa na haki ya kusema. Nigeria nako, Thomas Lambo alianza Aro, Abeokuta, mwaka 1954, kwa kuwaweka wagonjwa katika nyumba za vijiji jirani pamoja na jamaa zao.

Tanzania imefuata njia hiyo ya kuwashirikisha jamaa. Katika Dar es Salaam na Mbeya, mradi uitwao KUPAA umewaketisha wagonjwa wa skizofrenia na ndugu zao katika vikundi vya pamoja, kwa Kiswahili, wakijifunza ugonjwa na namna ya kuishi nao bila kuvunjiana heshima. Baraza tunalo tayari. Ila ndani yake mgonjwa ameshahukumiwa kabla ya kufika, na mara nyingi haruhusiwi kusema. Kinachobadilika ni kumpa zamu yake.

"Yanonge haina daktari wa akili. Haiwezekani."

Sehemu ya kwanza ni kweli na inauma. Hospitali za akili ziko mbali: Kinshasa kuna CNPP, Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Anayetoka kwetu kwenda huko anasafiri kwa siku nyingi na kwa fedha ambayo familia haina.

Sehemu ya pili si kweli. Mwaka 2013 jarida la *New England Journal of Medicine* lilichapisha jaribio lililofanyika mashariki mwa nchi yetu hii hii. Judith Bass na wenzake walilinganisha vijiji 7 ambako wanawake walionusurika ukatili wa kingono walipata tiba ya vikundi, wanawake 157, na vijiji 8 ambako wanawake 248 walipata msaada wa mmoja mmoja. Vikundi viliongozwa na wasaidizi wa kijamii wa hapo hapo, wasio madaktari. Walioketi katika vikundi walipona zaidi, wakati vita vikiendelea kuwazunguka. Majeraha ya ukatili na skizofrenia ni mambo mawili tofauti, na sitayachanganya. Ila jaribio hilo limejibu swali moja: je, mtu asiye daktari, akifundishwa vizuri na kusimamiwa, anaweza kuongoza tiba ya kikundi katika kijiji cha Kongo? Anaweza.

Kwa Yanonge, kikundi cha kwanza kingehitaji benchi nne, barza ya kituo cha afya yenye kivuli, muuguzi mmoja, relai mmoja wa jamii anayezungumza Kiswahili na Lingala na kusikia Lokele, na simu ya kumpigia daktari Kisangani kila wiki. Kikao kiwe siku ya soko, kwa sababu siku hiyo mitumbwi inakuja hata hivyo na mama hatalipa nauli ya pili. Muda wake usizidi saa moja, maana ukipita hapo wengi hawawezi kutulia. Ubao wa ukutani uandikwe mambo manne ya kuulizwa kila mara: usingizi, dawa, kinywaji, ugomvi.

Kitu kimoja ningekataa kuanza bila hicho. Kabla ya kikao cha kwanza, mganga mkuu wa eneo la afya aagize dawa za miezi sita, Modécate na Artane zikiwemo, na ziwe zimeshafika, zimehesabiwa, zimefungiwa kabatini. Kikundi kitakachokosa dawa mwezi wa tatu kitavunjika kwa vurugu, wapinzani watasema walijua, na wa kwanza kurudishiwa kamba atakuwa yule ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuongea.